Dawa ya siku saba ndani ya mfuko wa mgonjwa wa sukari wa miaka mingi

MfamasiaPasua (mleta uzi), Moshi

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu kwa sababu ya bibi mmoja wa miaka 68 aliyeletwa na mjukuu wake kwenye famasi ninayofanyia kazi hapa Moshi, asubuhi ya siku ya soko, akitembea kwa kuyumba, jasho limelowesha kitenge mgongoni, na akimwita mjukuu huyo kwa jina la mwanawe aliyekwisha kufariki. Mjukuu aliomba dawa ya kizunguzungu. Tulimketisha bibi kwenye benchi, tukamtoboa kidole, na mashine ikasoma 2.4 (milimoli kwa lita).

Kwa wasioizoea namba hiyo, mgonjwa anayetumia dawa za kisukari huhesabiwa kuwa sukari imemshuka ikiwa chini ya 4, na inapokaribia 2 ubongo wenyewe huanza kukosa chakula. Kwa kuwa bibi alikuwa bado anameza vizuri, tulimkorogea vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, na baada ya dakika 15 mashine ikasoma 3.5. Tulirudia, na ndipo alipouliza kwa nini watu wote dukani wanamtazama.

Tulipokuwa tukisubiri usafiri wa kumpeleka hospitali, nilimwomba mjukuu amimine juu ya kaunta kila kilichokuwa kwenye mfuko wa dawa. Zilitoka dawa alizozitumia kwa miaka: za sukari, yaani metformini na glibenklamidi ya miligramu 5 kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, losatani na amlodipini za presha, na asprini ndogo. Chini kabisa kulikuwa na kibahasha cha kaki kisicho na jina la dawa, kimeandikwa kwa kalamu "1x1" tu. Nilipokifungua nikakuta kapsuli mbili za flukonazoli ya miligramu 200, zilizobaki kati ya saba. Bibi alikuwa amepata fangasi chini ya matiti, akaenda duka la jirani na kwao, akaeleza kuhusu muwasho, akapewa dawa ya muwasho. Hakuulizwa kama ana sukari, wala yeye hakuona sababu ya kuitaja, kwa kuwa mazungumzo yalihusu ngozi.

Glibenklamidi, pamoja na ndugu zake wa kundi la salfonilurea kama gliklazidi na glimepiridi, huvunjwavunjwa na ini kwa kutumia zaidi kimeng'enya kiitwacho CYP2C9. Flukonazoli hukizuia kimeng'enya hichohicho. Matokeo yake ni kwamba kidonge cha jana kinakuwa hakijatoka mwilini wakati cha leo kinaingia, na kongosho linaendelea kusukumwa kutoa insulini ingawa mgonjwa hajala zaidi ya kawaida yake. Bibi hakukosea dozi hata siku moja. Mjukuu aliapa, nami nilihesabu vidonge vyake na kuridhika. Alikuwa amekunywa dozi yake sahihi ndani ya mwili ambao kwa wiki hiyo ulikuwa hauwezi kuitoa.

Hoja yangu ni kwamba, tunapozungumzia mwingiliano wa dawa kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili, tunatazama sana dawa za kudumu ambazo mgonjwa na daktari wake wamekwisha kuzizoea, huku anayeleta ajali mara nyingi ni mgeni wa siku tano au saba: dawa ya fangasi, ya mkojo, ya kifua, ya goti, iliyoandikwa na mtu mwingine mahali pengine kwa ugonjwa mwingine. Kwa bahati mbaya wageni hao hawaji kwa nasibu, kwani sukari iliyo juu ndiyo inayoleta fangasi na maambukizi ya mkojo. Mgonjwa anayehitaji zaidi flukonazoli ndiye huyohuyo aliyekwisha kumeza glibenklamidi.

Baada ya flukonazoli, ninazozihofia zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kotrimoksazoli, ambayo wengi wetu tunaiita Septrin hata kama kopo limeandikwa jina jingine. Sehemu yake moja, sulfamethoksazoli, inazuia kimeng'enya kilekile cha ini, na sehemu ya pili, trimethoprimu, inazuia figo kutoa potasiamu, jambo ambalo kwa mgonjwa anayetumia losatani au enalaprili linaweza kupandisha potasiamu hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Kidonge kimoja, hatari mbili, na mgonjwa wa sukari mwenye presha yumo katika zote. Ya pili ni siprofloksasini na jamaa zake, ambazo zinaweza kushusha sukari au kuipandisha, na ambazo zikikutana na salfonilurea zimewahi kuwapoteza watu fahamu. Hata jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni, ambayo watu huichukulia kama dawa ya watoto, huingia mwilini kiasi cha kutosha kumdhuru anayetumia gliklazidi, na wawili hao hawapaswi kukutana kabisa.

Naomba wenye uzoefu wa wodini na kliniki wachangie.

NesiNgarenaro, Arusha

Asante kwa uzi. Nafanya kazi kliniki ya magonjwa sugu hapa Arusha, na ninalo swali linalotokana na mgonjwa wetu mmoja, mzee aliyeshuka sukari hadi 2.8 akiwa amekaa kwenye foleni, lakini alikataa katakata kwamba anajisikia vibaya. Hakutetemeka wala moyo haukumwenda mbio. Alikuwa anatumia atenololi, ya presha, pamoja na dawa zake za sukari. Je, ndiyo iliyomficha?

Nyongeza: mleta uzi amegusa kibahasha cha kaki, na mimi natamani jambo hilo lingefunguliwa uzi wake. Wagonjwa wetu wanakuja na vibahasha vitano vinavyofanana, vyote "1x2", na ukiuliza hii ni ipi unajibiwa "hiyo nyeupe". Sasa metformini nyeupe, amlodipini nyeupe, na ya usingizi nayo nyeupe.

MfamasiaPasua (mleta uzi)

Dada nesi, ndiyo, kuna kila sababu ya kuishuku. Dawa za kundi la atenololi na propranololi huzuia zile ishara zinazoletwa na adrenalini, yaani kutetemeka na moyo kwenda mbio, ambazo ndizo kengele ambayo mgonjwa amefundishwa kuisikiliza. Kengele isiyozimwa ni jasho. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo afundishwe yeye na watu wa nyumbani kwake kwamba jasho la ghafla lisilo na sababu lipimwe, hata kama moyo umetulia. Propranololi ina tatizo la ziada, kwa sababu pia inachelewesha sukari kurudi juu baada ya kushuka.

Kuhusu vibahasha nakuunga mkono kwa asilimia mia moja, na naongeza kisa kidogo. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyekuwa na pakiti ya Daonil kutoka kituo kimoja na kibahasha cha glibenklamidi kutoka kingine, akizinywa zote kwa nidhamu ya hali ya juu, kwa sababu majina ni mawili na yeye akahesabu dawa mbili. Dawa ni ileile. Ingeandikwa kwa jina lake asilia pande zote mbili, hata mjukuu wa darasa la tano angeligundua kosa hilo.

DaktariWaZamu, Arusha

Nimesoma uzi kwa makini na sina ugomvi na famakolojia yake. Nina ugomvi na jinsi msomaji wa kawaida atakavyoondoka hapa akidhani kwamba waandikaji wa dawa ni wazembe. Tazameni mtindo wa uandikaji wetu ulivyojengeka. Mgonjwa mpya anaanza na metformini. Isipotosha anaongezewa salfonilurea. Isipotosha anaingia kwenye insulini. Ngazi hiyo hatukuitunga sisi, na hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kwa nchi zenye uwezo mdogo uliiweka salfonilurea katika ngazi ya pili, kwa sababu ya bei na kwa sababu inafanya kazi.

Sasa, salfonilurea ipi? Nafahamu vizuri kwamba tangu 2013 orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu ina gliklazidi na inasema wazi kwamba glibenklamidi haiwafai watu wa zaidi ya miaka 60. Sababu yake naijua: mabaki yake baada ya kuvunjwa na ini bado yana nguvu ya kushusha sukari, yanategemea figo yatoke, na figo za mzee si za kijana. Lakini mwenye kuandika anaandika akiwa na rafu ya dawa kichwani. Nikimwandikia bibi gliklazidi nikijua kwamba dirishani haipo, na kwamba dukani ataambiwa bei akaguna na kurudi kwao mlimani, nitakuwa nimemwandikia karatasi, sijamwandikia dawa. Glibenklamidi ataipata. Uamuzi huo naufanya mara nyingi kwa siku na haunipi raha.

Isitoshe, mgonjwa wako hakuandikiwa flukonazoli na daktari wake wa sukari. Tusichanganye.

MfamasiaPasua (mleta uzi)

Daktari, nakubaliana nawe zaidi ya unavyofikiri, na kama maandishi yangu yamesikika kama lawama kwa kliniki, naomba radhi. Nimesema aliyeleta ajali ni mgeni, na mgeni huyo mara nyingi anatoka upande wetu wa kaunta kuliko upande wenu wa meza. Duka la dawa muhimu linaruhusiwa kutoa baadhi ya dawa, na aliye nyuma ya kaunta anaweza kuwa mtu mwangalifu sana ambaye hakuuliza swali moja.

Hata hivyo naomba tusiishie kwenye bei. Kuna mambo mawili yanayoweza kufanyika hata glibenklamidi ikibaki peke yake kwenye rafu. Kwanza, mtu wa miaka 68 mwenye kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ya zamani au asiyewahi kupimwa kabisa asiachwe na dozi ileile aliyoanza nayo akiwa na miaka 56, kwani nimeona karatasi nyingi ambazo zamu baada ya zamu zimenakiliwa "endelea na dawa zako" bila mtu kusimama hapo na kuuliza figo zikoje. Metformini nayo inahusika: figo zikishuka chini ya uwezo wa 45 kwenye kipimo cha uchujaji (eGFR) dozi inatazamwa upya, na chini ya 30 inasimamishwa. Pili, gliklazidi yenyewe si kinga ya flukonazoli, kwa kuwa nayo inapita kwenye kimeng'enya kilekile. Inatoka mwilini bila mabaki yenye nguvu, na hilo ni jambo kubwa kwa mzee, lakini swali la "una dawa gani nyingine nyumbani?" linabaki palepale.

Kwa habari yenu, bibi alilazwa. Niliwasisitizia ndugu wasikubali kurudi naye nyumbani kwa sababu tu amechangamka, maana glibenklamidi ikiwa imekwama mwilini, sukari uliyompa inatumika ikaisha, naye anashuka tena saa chache baadaye, pengine usiku akiwa amelala. Usiku huohuo alishuka tena akiwa wodini, mahali ambapo dripu ya glukosi ilikuwepo.

KijanaWaKibosho, Moshi

Wataalamu, shikamooni. Mimi si mtu wa afya. Baba yangu ana sukari, na mwaka huu aliugua kifua kikuu akatumia dawa miezi sita akamaliza. Wakati wa matibabu sukari ilikuwa juu kila siku, hadi daktari akamwongezea dozi ya dawa za sukari. Sasa amemaliza dawa za kifua, tunashangilia, lakini wiki hii ameanguka mara mbili shambani. Mama anasema ni mbege kwa sababu amerudi kwenye kilabu baada ya miezi mingi. Je, yanahusiana?

MfamasiaPasua (mleta uzi)

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kusoma zaidi, mpimeni baba sukari leo na mrudi kwa daktari aliyempandishia dozi, mkiwa na dawa zote mkononi.

Sasa maelezo. Rifampisini, iliyo katika vidonge vya kifua kikuu kwa miezi yote sita, inafanya kinyume cha flukonazoli: inaliamsha ini livunje dawa nyingi kwa kasi kubwa, zikiwemo salfonilurea. Ndiyo maana sukari ya baba ilikuwa haishuki, ingawa ugonjwa wenyewe pia hupandisha sukari, na daktari alifanya sawasawa kuongeza dozi. Tatizo ni siku ya kumaliza. Rifampisini ikiondoka, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya kama wiki mbili, ilhali dozi ya sukari imebaki ileile ya wakati wa vita. Hapo mgonjwa anaanza kuanguka, na watu wa nyumbani hawashuku dawa kwa sababu hakuna dawa mpya iliyoingia. Mwingiliano unaweza kutokea kwa dawa kutoka, na kwa maoni yangu huu ndio unaosahaulika kuliko yote, kwa kuwa siku ya kumaliza tiba kadi ya kifua kikuu inafungwa kwa pongezi na kliniki ya sukari haina habari. Hali ni hiyohiyo kwa aliyepewa prednisoloni kwa pumu au viungo: sukari inapanda, insulini inaongezwa, prednisoloni inakwisha, insulini haipunguzwi.

Mama naye hajakosea. Mbege ni ndizi na ulezi, ina utamu wake, kwa hiyo wengi hudhani itapandisha sukari tu. Lakini ini linaloshughulikia pombe linaacha kazi yake ya kutengeneza glukosi wakati mtu hajala, na mtu aliyekunywa jioni bila chakula, akiwa na salfonilurea mwilini, anaweza kushuka alfajiri. Walio karibu naye wakamwacha alale, wakisema amelewa. Bibi wa uzi huu alipoingia dukani, mteja mmoja alitikisa kichwa akasema "asubuhi yote hii?" Hakuwa amegusa hata kata moja.

MamaSakina, Arusha

Naomba kuuliza kwa niaba ya ndugu yangu anayehudhuria CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU. Anatumia kidonge kimoja cha siku chenye dolutegraviri na amegundulika na sukari, akaandikiwa metformini. Je, kuna shida? Na je, akiongezea mlonge, ambao shangazi anamletea, itamsaidia kupunguza vidonge?

DaktariWaZamu, Arusha

Hili nalijibu mimi. Dolutegraviri inazuia figo kutoa metformini, kwa hiyo metformini inapanda katika damu kwa kiasi kikubwa, takriban asilimia 79 kwa dozi ya kawaida ya dolutegraviri. Hatuzuii zitumike pamoja. Tunaweka kikomo cha metformini kuwa miligramu 1000 kwa siku na tunaangalia figo na tumbo, maana ishara ya mwanzo inaweza kuwa kuhara na kichefuchefu. Asiache dawa za CTC kwa hali yoyote. Awaambie CTC kwamba ana sukari, na awaambie wa sukari kwamba yuko CTC. Ninaelewa kwa nini watu huficha kadi moja wanapokwenda dirisha jingine, lakini katika jozi hii kuficha kuna gharama.

Mlonge ni mboga, ale kama mboga. Akiukausha akaunywa kwa vijiko ili apunguze vidonge, atakuwa ameingiza mgeni asiyekuwa na dozi. Sisi wa mkoa huu tuliishi mwaka 2011, tuliona magari yakipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mugariga cha shilingi 500, na miongoni mwa waliokwenda walikuwepo walioacha dawa zao. Sisemi hayo kwa kejeli. Walikuwa wamechoka na vidonge.

NesiNgarenaro, Arusha

Kabla uzi haujazama: hakuna aliyetaja diklofenaki, dawa ya maumivu. Wazee wetu wote wana magoti.

MfamasiaPasua (mleta uzi)

Umenikumbusha, dada, na ni kweli kwamba huyo ndiye mgeni anayekaribishwa kuliko wote, kwa kuwa ananunuliwa bila karatasi. Mgonjwa wa sukari mwenye presha mara nyingi yuko kwenye losatani au enalaprili, na pengine kwenye dawa ya kukojoa kama haidroklorothiazaidi. Akiongeza diklofenaki juu ya hizo mbili, figo zinaminywa kutoka pande tatu, na zikilegea, metformini na mabaki ya glibenklamidi yanajaa mwilini. Akiwa anaharisha siku hiyo, hali inakuwa mbaya kwa kasi. Kwa goti tunampa parasetamoli na dawa ya kupaka, na kwa siku anazoharisha au kutapika bila kula tunamwambia asimamishe metformini na awasiliane na kliniki mapema kuhusu dawa zake nyingine za sukari na presha.

Nafunga upande wangu kwa habari za bibi. Mjukuu alirudi wiki iliyofuata na kadi ya kliniki. Wamembadilishia glibenklamidi kuwa gliklazidi kwa dozi ndogo, na ndugu wamechangishana kuinunua. Kwenye jalada la nje la kadi tumeandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi ambazo muuzaji wa duka lolote atazisoma kabla hajafungua kabati: ANATUMIA DAWA YA SUKARI. ULIZA KABLA YA KUMPA FLUKONAZOLI, SEPTRIN, SIPROFLOKSASINI, DIKLOFENAKI. Mjukuu akasema bibi ametuma swali, kwamba kama dawa ile ni mbaya, basi muwasho wake ndio asamehe? Nikampa tyubu ya klotrimazoli ya kupaka, asubuhi na jioni, ngozi ikiwa imekaushwa vizuri, na mara hii jina la dawa nimeliandika.